Nmap ya zamani kwenye Linux ya leo: njia nne, na ipi ya kuchagua ukiwa Lubumbashi

Msimu wa kutetea TFC (kazi ya kumaliza masomo) ukikaribia, vijana wa informatiki hapa Lubumbashi huja na swali moja: "Yaya, direkta wangu anataka nirudie vipimo vya yule aliyenitangulia, na yeye alitumia Nmap 7.80. Kali yangu ina toleo jipya. Nifanye namna gani?" Direkta ni mwalimu anayesimamia kazi, Nmap ni programu inayopekua mtandao kuona vifaa na huduma zilizo wazi, na Kali ni Linux ya wapima usalama. Wengine hawafiki hapo kwa ajili ya masomo. Kuna mwenye skripti ya kazini iliyoacha kuelewa matokeo baada ya programu kusasishwa, na kuna mwenye kompyuta ya mtumba iliyopitia Kasumbalesa, ya biti 32, wakati Kali iliacha kutoa imeji za biti 32 mwezi wa Oktoba 2024.

Ni swali la haki. Programu za kupima usalama hubadilika kila toleo, na vipimo viwili vilivyofanywa kwa matoleo mawili haviwezi kulinganishwa bila maelezo. Tatizo ni jibu linalotolewa haraka haraka, "shusha tu kwa apt", yaani rudisha toleo la nyuma kwa amri ya kuweka programu, ambalo limewaacha wengi na mfumo uliovurugika wiki ile ile ya kukabidhi kazi.

Nitalinganisha njia nne kwa kazi moja: kupata Nmap 7.80, iliyotoka Agosti 2019, kwenye Linux ya sasa. Nimechagua Nmap kwa sababu karibu kila anayesoma usalama ameigusa. Gordon Lyon aliitoa mara ya kwanza mwaka 1997, na matoleo yake ya zamani bado yako wazi nmap.org/dist kwa yeyote. Msimamo wangu nauweka mbele kabisa: rudisha nyuma kifaa kimoja, usirudishe mfumo mzima. Kwa Nmap peke yake, kompaili msimbo wake (ugeuze maandishi yake kuwa programu) ndani ya folda yako mwenyewe. Kwa programu yenye mkia mrefu wa maktaba za lugha ya Ruby au Python 2, chukua kontena (sanduku la Docker linalobeba programu na maktaba zake). Mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya yako) ni ya darasa zima au ya mazoezi yanayohitaji Kali ya zamani nzima nzima. Kushusha kwa apt kwenye Kali sikushauri, ingawa kuna mahali kunafaa.

Kwanza, je, unalihitaji kweli?

Mara nyingi tofauti anayoilalamikia direkta haiko kwenye injini ya Nmap. Iko kwenye faili zake za data. Jina la huduma unaloliona mbele ya mlango (port) 80 au 443 linatoka kwenye faili la nmap-service-probes, na makisio ya mfumo endeshi yanatoka nmap-os-db. Faili hizi huongezeka kila toleo, kwa hiyo kifaa ambacho mwaka 2020 kiliandikwa tu "http" leo kinaweza kupewa jina na namba ya toleo. Kama ni hilo peke yake linalokusumbua, pakua toleo la zamani, toa faili moja, kisha mwambie Nmap mpya alitumie:

nmap -sV --versiondb ~/zamani/nmap-service-probes 192.168.1.1

Hapo hujaweka chochote cha zamani kwenye mfumo. Na kama una Ubuntu 20.04 au 22.04, angalia kwanza `nmap --version`: kifurushi chake ni 7.80 tayari. Nimeona watu wakihangaika kutafuta kitu walichonacho mezani.

Kushusha kwa apt

Njia hii inavutia kwa sababu ni amri moja. Unauliza matoleo yaliyopo:

apt-cache madison nmap

Kwenye Kali jibu litakuwa mstari mmoja. Kali tangu mwaka 2016 ni mfumo unaosonga bila kusimama, na hazina yake (ghala la vifurushi vya programu) hubeba toleo la sasa tu. La jana limekwisha kuondolewa. Hapo ndipo mtu anapoongeza hazina ya Debian 11 kwenye orodha yake, au snapshot.debian.org, ambayo huhifadhi vifurushi vya Debian kwa tarehe. Debian 11 kweli ina 7.80, ila jina la kifurushi linachanganya: 7.91+dfsg1+really7.80+dfsg1-2. Watunzaji walikwenda 7.91, wakasita kwa sababu ya leseni mpya ya Nmap, wakarudi 7.80 na kuandika "really" ili apt ilione kama toleo la mbele. Ukiliona usidhani umepata 7.91.

Sasa shida. Kifurushi cha Debian 11 kilijengwa juu ya maktaba za wakati wake, kama libssl1.1 ya OpenSSL (maktaba ya usimbaji), na mfumo wa leo uko kwenye OpenSSL 3. Mara nyingine maktaba za zamani zinaingia kando ya mpya na kila kitu kinapita. Mara nyingine apt inakuonyesha orodha ndefu ya vitu itakavyoondoa, na mtu mwenye haraka anabonyeza Y. Kwa hiyo kama lazima upite hapa, jaribu bila kutenda, kwa kuongeza -s:

sudo apt install -s nmap=TOLEO nmap-common=TOLEO

Soma kila jina kwenye orodha ya vinavyoondolewa. Ukiona hata kimoja usichokijua, acha. Na ukishaweka, funga kwa `sudo apt-mark hold nmap nmap-common`, kisha ufute ule mstari wa hazina ya zamani siku hiyo hiyo. Mstari ukibaki, miezi miwili baadaye utaweka kitu kingine kabisa na apt itakwenda kukichukua huko.

Inafaa wapi basi? Kwenye Debian au Ubuntu tulivu, pale toleo unalotaka liko kwenye hazina ya mfumo huo huo na limepishana kidogo tu na ulilonalo. Seva ya ofisi iliyopokea sasisho jana likaharibu skripti: rudi hatua moja, funga, mwite mwenye skripti airekebishe. Zaidi ya hapo sioni faida yake.

Kukompaili ndani ya folda yako

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa Nmap, na sababu ya kwanza ni mega za intaneti. Faili la nmap-7.80.tar.bz2 lina karibu megabaiti 10. Kama kompaila haiko kwenye mashine yako, build-essential itadai makumi kadhaa ya megabaiti, lakini hiyo unalipa mara moja na itakufaa kwa mengine. Sababu ya pili ni umeme. Ukikatika katikati ya kupakua, `wget -c` inaendelea pale ilipoishia. Ukikatika katikati ya kukompaili, unarudia `make` na vipande vilivyokwisha kutengenezwa havirudiwi. Kwa mtu wa Katuba au Ruashi anayefanya kazi usiku kwa betri ya laptopu, hilo lina uzito kuliko uzuri wowote mwingine.

sudo apt install build-essential libssl-dev
wget -c https://nmap.org/dist/nmap-7.80.tar.bz2
tar xjf nmap-7.80.tar.bz2
cd nmap-7.80
./configure --prefix=$HOME/nmap-7.80-yangu --without-zenmap --without-ndiff --with-libpcap=included
make
make install

Sehemu ya --prefix ndiyo moyo wa njia hii. Bila hiyo, Nmap itaingia /usr/local na itasimama mbele ya ile ya mfumo. Utaita `nmap` bila kujua ni ipi inayojibu. Ukiwa na folda yake, unaita kwa njia kamili, na siku ukimaliza TFC unaifuta kwa amri moja. Zenmap na Ndiff nimeziacha kwa makusudi: za wakati huo zinataka Python 2, ambayo ilikoma Januari 2020. Ziliingia Python 3 kwenye 7.94, mwaka 2023.

Kabla ya `make`, simama usome. Configure ikimaliza huchora mchoro wa herufi, kisha huandika vilivyoingia na vilivyoachwa. Tafuta openssl upande wa vilivyoingia. Ikiwa upande wa pili, Nmap yako itafanya kazi, lakini skripti kama ssl-cert hazitafanya kazi, na utambuzi wa huduma zilizofichwa nyuma ya TLS (usimbaji wa mawasiliano) utapungua. Vijana wengi hulinganisha matokeo ya namna hii na yale ya zamani, wanaona huduma zimepungua, wanaandika kwamba mtandao umeboreshwa. Mtandao haujabadilika. Baada ya kuweka, hakikisha tena:

~/nmap-7.80-yangu/bin/nmap --version

Mstari wa "Compiled with" utakuambia Nmap imejengwa na OpenSSL ipi na Lua (lugha ya skripti zake) ipi. Na hapa kuna ukweli wa kuandika wazi kwenye kazi yako: 7.80 ilitoka miaka miwili kabla ya OpenSSL 3.0, iliyokuja Septemba 2021. Ukiikompaili leo una Nmap ya zamani juu ya maktaba mpya. Kompaila inaweza kutoa maonyo mengi, hata kukataa kabisa. Ikikataa, usianze kuhariri msimbo usiku kucha. Nenda kwenye kontena.

Jambo moja tena la njia hii: uhakiki uko mikononi mwako. Kwenye nmap.org/dist/sigs kuna sahihi na alama za kila faili. Piga `sha256sum` kwenye faili ulilopakua, linganisha herufi kwa herufi. Hasa kama faili umelipewa na rafiki kwenye flashi. Kupewa kwenye flashi si vibaya, sote tunaishi hivyo, ila programu ya kupima usalama inayoendeshwa kwa sudo ndiyo kitu cha mwisho kukipokea bila kukagua.

Kontena

Hapa toleo la zamani linakaa na maktaba zake zote za zamani, pembeni, bila kugusa mfumo wako. Imeji ya Debian 11 ikiwa imebanwa ni megabaiti hamsini na kitu, kisha Nmap na orodha za vifurushi juu yake. Ni nyingi kuliko msimbo, lakini bado forfait (kifurushi cha intaneti) ya siku moja inatosha.

docker run -it --name nmap780 debian:bullseye bash

Ukiwa ndani: `apt update`, `apt install nmap`, `exit`. Kisha unaigandisha:

docker commit nmap780 nmap-zamani:7.80

Ubora wake mkubwa kwetu uko kwenye amri inayofuata, ambayo watu wengi hawaitumii:

docker save nmap-zamani:7.80 | gzip > nmap780.tar.gz

Faili hilo linaingia kwenye flashi. Mwenzako anaandika `docker load < nmap780.tar.gz` na ana kitu kile kile, bila kutumia hata mega moja. Darasa zima linapima kwa kifaa kimoja, na direkta naye anaweza kurudia vipimo kwenye kompyuta yake. Kwa kazi ya kisayansi sijui njia nyingine ya bei hii inayokupa hivyo.

Kuna mtego mmoja wa mtandao ambao lazima uujue. Kontena la kawaida linakaa nyuma ya mtandao wake wa ndani, na kompyuta yako ndiyo inayompitishia. Ukipima mtandao wa ofisi kutoka humo, Nmap haiwezi kutuma maombi ya ARP (ya kuuliza nani yupo kwenye mtandao huo huo) moja kwa moja kwa majirani, kwa hiyo anwani za MAC (namba za kadi za mtandao) hazitaonekana, na baadhi ya vifaa vinavyonyamazia ping vitahesabiwa kuwa havipo. Kwenye Linux dawa ni:

docker run --rm --network host nmap-zamani:7.80 nmap -sS -sV 192.168.1.0/24

Fanya mwenyewe, mara moja bila --network host na mara moja ukiwa nayo, kwenye ruta ya nyumbani kwako. Orodha ya kwanza haitakuwa na anwani hata moja ya MAC. Ya pili itakuwa nazo, pamoja na jina la kampuni iliyotengeneza kila kadi ya mtandao. Mtu asiyejua hili atasema toleo la zamani "halioni" vifaa, na kosa si la toleo.

Udhaifu wake: kontena linatumia kernel (kiini cha mfumo) ya mashine yako, kwa hiyo kama unachotaka kurudia kinategemea kernel au draiva, mfano majaribio ya Wi-Fi, halikusaidii. Umeme ukikatika tabaka la imeji likiwa nusu, unalipakua upya. Na aliyeingizwa kwenye kundi la docker ana nguvu za root (msimamizi mkuu) kwenye mashine hiyo. Kwenye kompyuta ya maabara inayotumiwa na wengi, msimamizi alijue hilo.

Mashine pepe

Ni nzito, na huo ndio uzuri na ubaya wake. Kwenye old.kali.org kuna Kali za miaka iliyopita. Unapakua gigabaiti tatu au zaidi, unaipa mashine pepe RAM ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 20, na una dunia nzima ya wakati ule: kernel, maktaba, programu zote. Kwa mwalimu mwenye mazoezi yaliyoandikwa kwa Kali ya 2019, pale kuingia kulikuwa root na neno la siri toor (kuanzia 2020.1 likawa kali na kali), hakuna cha kuizidi. Apakue mara moja mahali penye intaneti ya kudumu, kisha agawe kwa diski ya nje. Kwa mwanafunzi mmoja anayetaka Nmap tu, ni kukodi lori kubeba mfuko wa makaa.

Ukiipita njia hii, usithubutu kuandika `apt upgrade` ndani yake. Orodha ya hazina ya Kali hiyo inaelekea kali-rolling ile ile ya leo, na utakuwa umeifuta historia uliyoipakua kwa shida. Huenda hata ikakataa: Aprili 2025 watu wa Kali walitangaza wamepoteza ufunguo wa kutia sahihi hazina yao, wakatoa mpya, kwa hiyo Kali yoyote ya kabla ya hapo italalamika kwamba sahihi haitambuliki. Wengi wakiona hivyo wanaanza kutafuta ufunguo mpya. Kwa Kali unayoitunza kwa uzamani wake, kukataa huko ni msaada. Piga snapshot (picha ya hali yake, ya kurudia baadaye) siku ya kwanza, weka kadi ya mtandao kwenye hali ya ndani tu, ufanye kazi.

Programu nyingine zinaelekea wapi

Metasploit, ya kujaribu mashambulizi, ipeleke kwenye kontena bila kujadiliana. Msimbo wake unadai Ruby ya toleo maalumu na rundo la gem (maktaba za Ruby), na kuvijenga upya vya miaka mitano iliyopita ni kazi ya siku nyingi. Sababu ya kuihitaji ya zamani ipo kweli: Metasploit 6, ya Agosti 2020, ilibadilisha mawasiliano ya Meterpreter (sehemu yake inayoendeshwa kwenye mashine inayojaribiwa), na haielewani na payload (vipande vya kupandikiza huko) zilizotengenezwa na 5.

Sqlmap, ya kupima hifadhidata za tovuti, ni rahisi kupita zote. Inaendeshwa kutoka folda yake, kwa hiyo chukua lebo unayoitaka:

git clone --depth 1 --branch 1.4 https://github.com/sqlmapproject/sqlmap.git sqlmap-1.4

Ile --depth 1 inaacha historia yote ya mradi huko ilikotoka na kukuokolea mega. Vifaa vya Python kama Impacket viweke kwenye mazingira yake: `python3 -m venv`, kisha `pip install impacket==0.9.24` ndani yake. Debian kuanzia 12 inakataa pip nje ya mazingira hayo, na ina haki. Usilazimishe kwa --break-system-packages.

ZAP na Burp, za kupima tovuti, ni Java, matoleo ya zamani yanapakuliwa kwa watengenezaji wenyewe na kufunguliwa folda yoyote. Kwa ZAP ongeza `-dir` ukielekeza folda tofauti ya mipangilio, ili ya zamani na mpya zisichezee faili za mwenzake.

Uzamani una gharama

Toleo la zamani lina matundu yanayojulikana na kila mtu. ZAP ilitoa 2.11.1 Desemba 2021 kwa sababu ya Log4Shell (tundu la maktaba ya Java Log4j), kwa hiyo iliyo chini ya hapo usiiache ikisikiliza kwenye mtandao wenye watu. Msfvenom hadi Metasploit 6.0.11 ilikuwa na tundu, CVE-2020-7384, ambapo faili la APK lililotegwa linaweza kuendesha amri kwenye mashine ya mpimaji mwenyewe. Fungua ya zamani unapopima, funga ukimaliza, na usiifanye kuwa kifaa chako cha kila siku.

Na ruhusa ipate kwa maandishi. Kongo ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa la jinai hata kama ulikuwa "unajaribu tu" kwa ajili ya TFC. Barua ya ofisi yenye muhuri, inayotaja anwani utakazopima na siku utakazopima, iambatishe kwenye kazi. Kama bado hujaipata, pima scanme.nmap.org, ambayo mradi wa Nmap umeiruhusu kwa majaribio ya kiasi, au mashine ya mazoezi kama Metasploitable 2 ndani ya kompyuta yako.

Njia yoyote utakayoichagua, endesha kila kipimo na -oX au -oA. Faili la XML la Nmap linaandika juu kabisa toleo lililotumika, amri kamili kama ulivyoiandika, na saa ya kuanza. Direkta akiuliza ni Nmap ipi, mfungulie mistari ile ya kwanza, na uweke karibu yake matokeo ya `nmap --version` ili aone na OpenSSL iliyokuwa chini yake.